Wasomaji Wanauliza: Nyama ya kulungu, kuanzia kwenye risasi hadi kwenye sufuria

Barua za safari hii zimetoka kwa wawindaji na kwa wapishi, na malalamiko ya pande zote mbili yanakutana. Mpishi anasema nyama ni kali au ngumu, na mwindaji anasema mpishi hajui kuipika. Tumezijibu kwa kufuata safari ya nyama yenyewe, isipokuwa barua ya kwanza, ambayo tumeitanguliza kwa sababu walioandika kuhusu jambo hilo ni wengi kuliko wote.

Swali: Kila nikipika nyama ya kulungu nyumba nzima inashika harufu. Nimeiloweka kwenye siki usiku kucha, nimeweka limau, nimeweka tangawizi, harufu iko palepale. Mume wangu ndiye anayewinda, na anasema nyamapori ndivyo ilivyo, nizoee. Ni kweli?

Jibu: Hapana, dada, usizoee. Kulungu aliyeanguka upesi, akapasuliwa mapema na nyama yake ikapoa haraka, huwa na ladha nzito lakini hanuki. Harufu unayoisikia ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho ni zile saa chache za kwanza kule porini. Siki haiwezi kurekebisha yaliyofanyika saa hizo.

Inusa nyama mbichi kwanza, kabla hujaitia kiungo chochote. Ikinuka mkojo au beberu, basi mchunaji aligusa tezi. Kulungu ana tezi kwenye miguu ya nyuma, upande wa ndani wa kile kiungo kinachopinda kuelekea nyuma, palipo na kishungi cha nywele nyeusi. Dume huzikojolea tezi hizo msimu wa kupandana. Ukizishika kisha ukashika nyama kwa mkono uleule, au kisu kilichopita hapo kikaingia pajani, umeipaka nyama uvundo ambao hautoki. Mchunaji hana haja ya kuzikata; aziache zitoke na ngozi, na akizigusa kwa bahati mbaya aoshe mikono na kisu kwa sabuni kabla ya kuendelea.

Ikinuka samadi, tumbo au utumbo ulitobolewa. Ikiwa na uchachu unaotoka ndani kabisa ya paja, karibu na mfupa, maana yake ni kwamba joto la mwili halikutoka na nyama imeanza kuoza kutokea katikati. Hiyo itupwe, hata kama upande wa nje unapendeza.

Kuna harufu nyingine inayofichika mpaka nyama ikae kwenye moto: ya mafuta. Mafuta ya kulungu si kama ya ng'ombe. Yana asidi nyingi ya steariki, huyeyuka kwa shida na huganda upesi, ndiyo maana mlaji husikia nta imeganda kwenye kaakaa kabla hajamaliza sahani. Yakikaa miezi kwenye friza yanaendelea kuchacha polepole, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya ule ukali. Kwa mnyama huyu mafuta si utamu. Ondoa yote.

Sababu ya mwisho ni mbio. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbizwa sana anamaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka asidi baada ya kifo na kuishusha pH ya nyama (kipimo cha asidi; kadiri asidi inavyozidi ndivyo kinavyoshuka) hadi karibu 5.5. Isipokuwepo, pH inabaki juu ya 6, na nyama inakuwa nyeusi, inanata vidoleni na kuharibika mapema.

Kwa nyama ambayo tayari unayo kwenye friza, fanya hivi. Iyeyushe ndani ya friji, si juani. Kata mafuta yote na ule utando mweupe unaong'aa. Kwenye paja, tenganisha misuli kwa kufuata mistari yake ya asili. Katikati utakuta bonge la mafuta, na ndani yake tezi ya rangi ya kijivu yenye urefu wa sentimita 2 hivi. Itoe nzima bila kuipasua. Kisha nyunyiza chumvi gramu 10 kwa kila kilo ya nyama, iweke juu ya waya ndani ya friji bila kuifunika, ilale usiku mmoja, na asubuhi uikaushe kwa kitambaa safi. Siki uiache. Asidi haipenyi zaidi ya milimita chache, na ikikaa usiku kucha huifanya nyama ya juu kuwa laini kama unga uliolowa huku ya ndani ikibaki ilivyokuwa.

Swali: Nimepata kibali cha kuwinda kwa mara ya kwanza. Wenzangu wananiambia nilenge kichwa ili nisiharibu nyama. Na mnyama akikimbia baada ya kupigwa, nimfuate hapohapo?

Jibu: Usilenge kichwa. Ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na risasi ikikosea kwa sentimita chache inavunja taya. Mnyama huyo atakimbia akiwa na nguvu zake zote, hutampata, na atakufa kwa njaa baada ya siku nyingi za mateso.

Lenga moyo na mapafu. Subiri asimame ubavu. Panda kwa macho ukifuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele, kisha simama kwenye theluthi ya chini ya kimo cha kiwiliwili. Hapo una eneo la upana wa kama sentimita 20: ukipotoka juu kidogo unapiga mapafu, ukipotoka chini unapiga moyo, na nyama ya mbavu inayopotea ni kidogo sana. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, lenga ili risasi itokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, subiri ageuke. Akikupa makalio, usipige kabisa, kwa sababu risasi itapita mapajani na kwenye matumbo kabla ya kufika popote panapofaa.

Umbali wako wa kupiga si ule unaosimuliwa na wenzako. Ni ule ambao wewe, kwa mkao utakaotumia porini, unaweza kuziweka risasi zako zote ndani ya duara la sentimita 20. Mazoezi ya mezani, bunduki ikiwa imelala juu ya gunia, hayahesabiki. Na kabla ya kidole kugusa kifyatulio, tazama nyuma ya mnyama: pawe na udongo wa kuipokea risasi. Kulungu aliyesimama juu ya kilima, nyuma yake kukiwa na anga tupu, mwache apite.

Baada ya kupiga, weka risasi nyingine chemba, tulia, na ukariri vitu viwili: mahali alipokuwa amesimama na mahali ulipomwona mara ya mwisho. Kisha nenda pale alipopigwa uisome damu. Nyekundu angavu yenye povu inatoka mapafuni. Subiri dakika 20 hadi 30 na kwa kawaida utamkuta amelala si mbali. Nyekundu iliyokolea, nzito, bila povu, inatoka kwenye ini. Mpe saa 3 au 4. Ukiona majimaji ya kijani au vipande vya majani, na harufu ya matumbo, basi umepiga tumbo, na hapo unahitaji subira ya saa 6 au zaidi. Tunajua ni vigumu, hasa kukiwa na joto na nyama ikiwa mawazoni. Lakini mnyama wa namna hii hulala karibu akiachwa, na akisukumwa huinuka na kwenda mbali, mara nyingi bila kuacha hata tone la damu la kufuata. Kusubiri ndiko kunakompatia yeye mwisho wa karibu, na wewe nyama.

Ukimfikia, njoo kwa nyuma na uguse jicho lake kwa kijiti kirefu. Likipepesa, bado yu hai, mmalizie upesi.

Swali: Nisaidieni kuhusu kupasua. Mara zote natoboa tumbo na uchafu unamwagika ndani. Kisu changu ni kikali na ninafanya haraka kama nilivyoambiwa.

Jibu: Haraka inatakiwa kwenye kuanza; kwenye kukata, taratibu. Anza ndani ya nusu saa baada ya mnyama kufa ikiwezekana, na kukiwa na joto usivuke saa moja. Vifaa ni vichache: kisu kifupi chenye ubapa wa sentimita 8 hadi 10, glavu za mpira, kamba nyembamba, maji safi ya kunywa lita 2 au 3, na vitambaa safi. Panga kubwa halina kazi hapa.

Mlaze chali, kichwa upande wa juu wa mteremko. Kata kuzunguka njia ya haja kubwa kwa kina cha kidole, vuta utumbo wa mwisho nje kidogo, uufunge kwa kamba. Fundo hili pekee linazuia nusu ya uchafu.

Sasa nenda chini ya kidari, pale mfupa unapoishia. Bana ngozi, inua juu, kata tundu la kupitisha vidole viwili. Hapa ndipo kosa lako lilipo, tuna karibu uhakika: unakata makali yakitazama chini. Ingiza kidole cha shahada na cha kati, vitanue kama herufi V, viegemee kwenye ukuta wa tumbo kwa ndani huku migongo yake ikisukuma matumbo chini. Weka ncha ya kisu katikati ya vidole, makali yakitazama angani, na usogeze vidole na kisu pamoja kuelekea nyongani. Kisu kinapasua ngozi kutokea ndani kwenda nje, na hakigusi tumbo kwa sababu vidole viko kati yao. Tumbo likiwa limejaa gesi, litasukuma. Punguza mwendo, usiongeze nguvu.

Ukishafungua, utaona kiwambo, ule ukuta mwembamba wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo. Kikate pembezoni ukifuata mbavu, kushoto na kulia. Damu iliyojaa kifuani itamwagika. Ni kwa sababu mnyama aliyepigwa mapafuni amekwisha kuvuja damu yake kwa ndani. Ingiza mkono mpaka shingoni, shika bomba la hewa pamoja na umio, na ukate juu ya mkono unaoshika. Hapa hukioni kisu, kwa hiyo kila kidole kijulikane kilipo kabla hujakata. Ukiweza, funga umio kwa kamba kabla ya kukata, maana kilichomo tumboni hurudi kupitia hapo. Kisha vuta kila kitu kwa pamoja kuelekea nyuma. Kibofu kibane shingoni mwake kwa vidole viwili kabla ya kukikata. Mfupa wa nyonga huna haja ya kuupasua porini. Ukipasuliwa unaingiza uchafu kwenye nyama nzuri ya paja.

Mgeuze kifudifudi dakika chache damu itoke, kisha mrudishe chali na utanue kifua kwa kijiti ili hewa ipite. Uchafu ukimwagika hata hivyo, usiupanguse kwa majani na usitumie maji ya dimbwi. Mimina maji safi mara moja, kausha kwa kitambaa, na nyama iliyoguswa uikate juujuu uitupe. Unyevu ukibaki, vijidudu vinapata walichokitaka.

Swali: Nasikia nyama itundikwe siku saba ndiyo ilainike. Sina chumba cha baridi na kwetu ni joto. Nitundike usiku tu?

Jibu: Usitundike kwenye joto, hata usiku. Kulainisha nyama kunafanyika kati ya nyuzi 1 na 4 za Selsiasi. Juu ya hapo unaiozesha.

Lakini usikimbilie friza pia. Misuli hukakamaa baada ya kifo, kwa kawaida kwa saa 12 hadi 24, kisha hulegea. Nyama ikigandishwa kabla ya hapo bado ina nguvu za kujikunja, na ikiyeyushwa hujikunja kwelikweli: inafupika, inatoa maji mengi, na inabaki ngumu hata ukiipika vizuri. Ukikata nyama kutoka kwenye mfupa mapema mno tatizo ni lilelile, kwa sababu hakuna kinachoushikilia msuli usifupike.

Kwa hiyo kwenye joto mchune mara moja, kwani ngozi inahifadhi joto. Mgawe kwa miguu na mapande huku mifupa ikiwa bado ndani, na ufungue nyama kidogo kwenye kiungo cha nyonga, sehemu nene inayopoa mwisho. Weka mapande kwenye mifuko ndani ya sanduku la barafu, kizibo cha chini kikiwa wazi ili maji yanayoyeyuka yatoke, nyama isiogelee. Ukifika nyumbani yaweke ndani ya friji juu ya waya, uyageuze kila siku. Mnyama mchanga anatosheka na siku 2 au 3, mzima siku 5 hadi 7. Juu patakauka na kuwa na rangi ya kahawia, hilo ni sawa, utapunguza kwa kisu. Utelezi, ukijani na harufu ya uchachu si sawa.

Sarara ya ndani, ile misuli miwili iliyolala chini ya uti wa mgongo, itoe siku ya kwanza au ya pili. Haina ngozi wala mafuta ya kuikinga na haihitaji kulainishwa.

Swali: Steki zangu za kulungu zinatoka kavu, za kijivu, na zina ladha ya ini. Nazikata nyembamba ili ziive vizuri.

Jibu: Wembamba ndio unaoziharibu. Nyama ya kulungu ina mafuta asilimia 2 au 3 tu, kwa hiyo haina cha kuikinga. Ikipita nyuzi 65 katikati, maji yamekwisha kutoka na ile ladha ya ini na chuma imejitokeza. Steki ya sentimita 1 inafika huko kabla upande wa juu haujapata rangi.

Kata sarara ya mgongo vipande vya sentimita 4, au vizuri zaidi, pika kipande kizima cha sentimita 20 na ukikate baada ya kuiva. Itoe kwenye friji dakika 40 kabla, itie chumvi wakati huohuo, na ikaribiapo moto ikaushe kabisa. Nyama yenye maji inachemka badala ya kukaangika. Kikaango kiwe kizito, cha chuma, mafuta ya kula kijiko kimoja, moto mkali mpaka moshi mwembamba uanze. Dakika 2 hadi 3 kila upande, bila kuisogezasogeza. Punguza moto, weka siagi gramu 20 na punje mbili za kitunguu saumu, umwagie nyama siagi hiyo kwa kijiko.

Nunua kipimajoto cha nyama. Kwa nyama hii macho na vidole havitoshi, kwani toka nyuzi 52 hadi 65 ni dakika chache mno. Kiwango cha usalama kinachotolewa kwa nyama nyekundu isiyosagwa ni nyuzi 63, kisha ipumzike dakika 3. Wapishi wengi wa nyamapori huitoa kwenye nyuzi 54 na kuiacha ipande yenyewe hadi 57 ikipumzika; inakuwa na maji mengi zaidi, lakini vimelea kama vya toksoplazma havijahakikishiwa kufa. Mjamzito, mtoto, mzee na mwenye kinga dhaifu asipewe nyama hiyo. Nyama yao ipite nyuzi 63. Ukiikata, kata kukatiza nyuzi za nyama, si kuzifuata.

Na usilazimishe bega au shingo kuwa steki. Hizo ni za barua inayofuata.

Swali: Muundi nimeuchemsha saa nzima ukawa mgumu kuliko nilivyouweka. Niliutupa.

Jibu: Uliutupa njiani. Muundi, shingo na bega zimejaa tishu ngumu zinazounganisha misuli. Saa ya kwanza nyuzi za nyama zinajikaza na tishu hizo hazijaanza kuyeyuka, kwa hiyo ugumu unaongezeka kweli. Tishu hizo zinageuka ute laini polepole, nyama ikikaa juu ya nyuzi 80 kwa saa kadhaa, na ute huo ndio unaofanya mchuzi ushike midomo. Hakuna sehemu ya kulungu yenye ladha kuzidi hii, na inasikitisha inavyotupwa.

Chukua kilo 2 za muundi na shingo zenye mifupa. Ondoa mafuta, lakini utando wa ndani ya muundi uache, ndio utakaoyeyuka. Tia chumvi gramu 20. Kaanga kwa mafuta vijiko 3, vipande vichache kwa zamu, mpaka viwe kahawia iliyokolea pande zote. Ukivirundika vyote pamoja vitatoa maji. Viweke kando, kaanga vitunguu 3 vikubwa kwa moto mdogo dakika 15, ongeza karoti 2, punje 6 za kitunguu saumu na vijiko 2 vya nyanya ya kopo, ukikoroga mpaka nyanya ibadilike rangi. Rudisha nyama, mimina maji ya moto lita 1 yafike theluthi mbili ya kimo cha nyama, weka pilipili manga punje 10, funika. Moto uwe wa kutoa kiputo kimoja kimoja. Maji yakitokota kwa nguvu nyama inakuwa nyuzinyuzi kavu ndani ya mchuzi mwingi.

Anza kupima baada ya saa 2 na nusu. Mnyama mzee anaweza kutaka saa 4. Umeiva pale uma ukichomwa na kuzungushwa bila upinzani. Kwa sufuria ya mgandamizo ni dakika 45 hadi 50, kisha uiache ishuke yenyewe. Ukiweza, uweke kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi mafuta yaliyosalia yatakuwa yameganda juu kama bamba, yatoe yote. Maji ya limau kijiko kimoja yaingie mwisho kabisa, na sahani ziwe na moto.

Swali: Nyama ya kusaga ya kulungu inasambaratika kwenye kikaango.

Jibu: Haina mafuta ya kuishika. Kwa gramu 850 za nyama isiyo na utando, ongeza gramu 150 za mafuta magumu ya ng'ombe. Kata vipande vya sentimita 3, uvitie friza dakika 30 mpaka vikakamae ukingoni bila kuganda, na visu vya mashine navyo viwe baridi. Mafuta yakipata joto yanapakaa badala ya kukatika, na ukipika yanakimbia yote. Utando ukijizungusha kwenye kisu, simama uusafishe. Kwa madonge au soseji tia chumvi gramu 15 kwa kilo na ukande mpaka nyama inate mkononi. Iive hadi nyuzi 71 katikati bila ubishi, kwa sababu mashine imevichukua vijidudu vya juu na kuvichanganya ndani.

Swali: Nilipopasua dume nilikuta ini lina madoa meupe, na mapafu yana vivimbe na yamegandamana na mbavu. Kwa macho nyama ilikuwa safi. Inalika?

Jibu: Usiile, na usimpe mbwa. Vivimbe mapafuni pamoja na kugandamana na mbavu ni dalili inayoweza kuwa ya kifua kikuu, ambacho huambukiza watu. Vua glavu kwa uangalifu, nawa, na umwite afisa wa mifugo au wa wanyamapori aione maiti ilivyo. Ini lenye njia zilizonenepa na minyoo bapa ndani ni jambo jepesi zaidi: ini linatupwa, nyama ya mnyama aliyekuwa na afya kwa kawaida inabaki. Ini lenye afya huwa kahawia nyekundu, laini, lenye kingo kali.

Kuna ugonjwa mwingine ambao huwezi kuuona kwenye ini. Ni ule wa kudhoofika wa kulungu, uliogunduliwa kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967, na kuthibitishwa Norway mwaka 2016. Unasababishwa na prioni, protini iliyopinda vibaya, na moto wa jikoni hauiangamizi. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokula mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Mnyama aliyekonda sana, anayedondokwa mate, anayetembea ovyo bila kumwogopa mtu, usimpige kwa ajili ya chakula, toa taarifa. Penye ugonjwa huo, peleka sampuli ipimwe, na usikate uti wa mgongo kwa msumeno. Ubongo, macho, bandama na tezi zisiliwe.

Kwa kuwa tuko kwenye mada ya usalama, tuongeze hili. Risasi zenye kiini cha madini ya risasi hupasuka ndani ya mnyama na kusambaza chembe ndogo zisizoonekana, mbali na tundu lenyewe. Kata na utupe angalau sentimita 10 kuzunguka jeraha, na zaidi palipo na damu iliyovilia. Nyama ya karibu na jeraha isiingie kwenye mashine ya kusaga. Ukipata risasi za shaba tupu zinazofaa bunduki yako, tumia hizo, hasa kama kuna watoto au mjamzito mezani.

Swali: Nataka kukausha nyama. Nikate nene kiasi gani, na itakaa muda gani?

Jibu: Milimita 5, kutoka pajani, bila chembe ya mafuta, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Igandishe kidogo kwanza ndipo kisu kitakata sawasawa. Chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kilo, na viungo upendavyo, usiku mmoja ndani ya friji. Kabla ya kukausha, ipashe katika oveni mpaka ifike nyuzi 71. Ukianza na ukaushaji wa joto la chini, vijidudu vinakauka pamoja na nyama na kuzoea joto, kisha haviuawi tena kwa urahisi. Baada ya hapo kausha kwa nyuzi 55 hadi 60 na hewa inayozunguka, saa 5 hadi 8. Iache ipoe kabla ya kuipima: ukiikunja ipasuke juu bila kukatika vipande viwili. Ikikatika imezidi, ikikunjika tu bado ina maji. Ndani ya chombo kikavu kilichofungwa itakaa wiki moja au mbili, kwenye friza miezi kadhaa.

Nyama mbichi ya mapande, ikifungwa bila hewa na kuwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, inabaki nzuri miezi 9 hadi 12. Ya kusaga uimalize ndani ya miezi 3 au 4, na kila mfuko uuandike tarehe na sehemu ya mnyama, maana muundi na sarara zikishaganda zinafanana.